Nani aliingia usiku ule? Kisa cha Wi-Fi ya chuo kimoja karibu na Malaba

Alama za kazi za darasani za wanafunzi kadhaa zilipanda usiku mmoja, na akaunti iliyozipandisha ilikuwa ya mkufunzi ambaye usiku huo alikuwa nyumbani kwake amelala. Chuo chenyewe sitakitaja. Kiko mashariki mwa Uganda, si mbali na Malaba, mpakani na Kenya. Kinafundisha ualimu na biashara, na wanafunzi wake hutoka pande zote mbili za mpaka, ndiyo maana Kiswahili husikika uani kwake kuliko katika vyuo vingi vya nchi hii. Nilipoitwa, mimi fundi wa mitandao, kamati ya nidhamu ilikuwa imeshakutana mara moja na kumwandikia mkufunzi barua ajieleze.

Vyuoni kwetu usalama wa Wi-Fi huzungumzwa kama suala la kuwazuia wanafunzi wasimalize intaneti kwa kupakua sinema. Hapa mtu mzima mwenye familia alikaribia kupoteza kazi. Hakuna udukuzi wa ajabu uliohitajika. Ilitosha kwamba mtandao wa chuo haukuweza kusema nani alikuwa nani.

Neno moja la siri kwa wote

Chuo kilikuwa na vituo vinane vya Wi-Fi, jina moja la mtandao, na neno moja la siri la WPA2 (ulinzi wa kawaida wa Wi-Fi) lililobadilishwa mwanzoni mwa kila muhula na kubandikwa maktaba. Wiki haikwisha kabla neno hilo halijafika kwa waendesha boda wa langoni na kwa madereva wa malori wanaongoja zamu ya kuvuka mpaka. Askari mzee wa lango hakunificha. "Kijana wangu," aliniambia, "dereva amelala barabarani siku mbili, anataka kuwajulia hali watoto wake Mombasa. Nimnyime?"

Sikuona la kumlaumu. Data ni ghali kwa mfuko wa mwanafunzi wa Uganda, na kwa dereva aliyekwama pia. Ile kodi ya shilingi 200 kwa siku ya kutumia mitandao ya kijamii, iliyoanza Julai 2018, iliondolewa, lakini Julai 2021 nafasi yake ikachukuliwa na ushuru wa asilimia 12 juu ya data yenyewe. Palipo na Wi-Fi ya bure neno la siri litatafutwa, na likijulikana na watu mia tano halipaswi tena kuitwa siri.

Wasimamizi walilijua tatizo, wakajaribu kulikabili kwa orodha ya anwani za MAC, yaani namba inayotambulisha kila kifaa, za simu zilizoruhusiwa. Iliwachosha wao wenyewe. Simu za Android tangu toleo la 10 la mwaka 2019, na iPhone tangu iOS 14 ya mwaka 2020, hutumia anwani ya kubuni kwa kila mtandao, kwa hiyo mwanafunzi mwaminifu alijikuta amefungiwa nje kila aliporudisha simu katika hali ya kiwandani na kuanza upya. Asiye mwaminifu alihitaji tu kunakili anwani ya simu iliyoruhusiwa, maana anwani hizo hupita hewani bila kufichwa. Kuficha jina la mtandao nako walikujaribu, na hakukusaidia kwa sababu simu yenyewe hulitaja jina hilo inapolitafuta.

Kibaya zaidi ni kwamba vyote vilikuwa ndani ya mtandao mmoja usiogawanywa: printa ya mhasibu, kamera za ulinzi, seva ya alama, simu za wanafunzi, na simu ya dereva pale barabarani.

Njia iliyokuwa wazi

Seva ya alama ilikuwa kompyuta ya kawaida katika ofisi ya msajili. Wakufunzi waliifungua kwa kivinjari kupitia http tupu, bila usimbaji wowote, yaani bila kuyaficha yanayotumwa. Nilipouliza kwa nini, nilijibiwa kwamba haitoki nje ya chuo, na tena Wi-Fi ina neno la siri. Jibu hili nimelisikia sehemu nyingi, na linastahili kueleweka vizuri kabla ya kukataliwa.

Katika WPA2 ya neno moja la siri, kila simu inapojiunga hupeana na kituo ujumbe nne za kusalimiana. Ufunguo mkuu hutengenezwa kutokana na neno la siri na jina la mtandao, kwa kuyazungusha katika hesabu mara 4,096. Kisha ufunguo wa simu hiyo moja hutokana na ufunguo mkuu, anwani za pande mbili, na namba mbili za bahati nasibu ambazo simu na kituo hupeana. Namba hizo mbili hupita hewani wazi. Maana yake ni hii: yeyote anayelijua neno la siri, na aliyekuwa anasikiliza wakati wa kusalimiana, anaweza kupiga hesabu ileile na kupata ufunguo wa jirani yake. Na kama hakuwapo mwanzoni, anaweza kutuma ujumbe wa uongo unaoitoa simu mtandaoni ili ijiunge upya naye akiwa anasikiliza. Kwa hiyo mbele ya mtu asiyelijua neno la siri, WPA2 ni kinga nzuri. Mbele ya aliyepewa, si kinga kabisa, na hapa waliopewa walikuwa chuo kizima na barabara yake.

Tovuti nyingi za nje hazidhuriki na jambo hili, kwa sababu zina https yake, yaani http iliyosimbwa. Seva ya alama haikuwa nayo. Mkufunzi alipoingiza alama akiwa chumba cha walimu, jina lake na neno lake la siri vilipita hewani vikiwa wazi kwa yeyote mwenye laptopu na subira.

Niliomba nilionyeshe hili mbele ya kamati. Kwanza nilitaka ruhusa ya maandishi ya mkuu wa chuo, kwa maana Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011 inaharamisha kuingilia data bila idhini, na nia njema si idhini. Tulifungua akaunti ya majaribio, mjumbe mmoja wa kamati akaingia nayo kwa simu yake, na laptopu yangu ikaandika kwenye ukuta jina na neno la siri alilolichapa. Chumba kilinyamaza. Mwenyekiti wa kamati akauliza kama mwanafunzi wa mwaka wa pili angeweza kufanya hivyo. Nikamjibu kwamba programu ni za bure na maelezo yako kwenye video.

Kumbukumbu zisizojibu

Swali la kamati lilikuwa: ni nani? Seva ilikuwa imehifadhi anwani ya IP (namba ambayo kifaa hupewa kikiwa mtandaoni) iliyobadilisha alama na saa ya tukio, na kwa mtandao uliopangwa vizuri hapo ndipo jibu huanzia. Hapa ndipo lilipoishia. Ruta iliyogawa anwani za IP iliweka kumbukumbu zake katika kumbukizi inayofutika umeme ukikatika, na umeme ulikatika alfajiri. Ilipowaka tena, haikuwa imewekewa seva ya saa, ikaamini ni Januari 1970 na ikaanza kuandika upya kwa tarehe hiyo. Juu ya hayo, hosteli ya wavulana ilikuwa na ruta ya nyumbani iliyochomekwa kinyume, nayo ikawa inagawa anwani zake kwa mtandao mzima, hivyo anwani moja ingeweza kushikwa na vifaa viwili. Ruta hiyohiyo ilikuwa na WPS, ile njia ya kujiunga kwa namba nane ambayo tangu mwaka 2011 inajulikana kwamba hukaguliwa kwa vipande viwili na huvunjwa kwa majaribio yasiyozidi 11,000.

Nilikaa na mkufunzi mwenyewe. Alikuwa ameleta daftari lake la alama, la karatasi, ameliweka magotini kama mtu anayeogopa kunyang'anywa.

"Fundi, mtaani kwetu taa hazikuwapo tangu jioni, na simu yangu ilizimika chaji. Nitawathibitishiaje kwamba sikuwa mimi?"

"Mwalimu, huna njia ya kuthibitisha. Lakini na wao hawana njia ya kuthibitisha kwamba ulikuwa wewe."

"Sasa mbona barua imekuja kwangu?"

Sikuwa na jibu la kumpa lenye haki ndani yake. Barua ilikwenda kwake kwa sababu jina lake ndilo jina pekee mfumo mzima uliloweza kulitaja. Tunaposema mtandao lazima umjue kila anayeingia, watu hudhani tunataka kuwapeleleza wanafunzi. Mimi namfikiria mkufunzi huyu. Rekodi sahihi ingemtoa kwenye lawama asubuhi ileile, kabla ya barua na kabla ya minong'ono ya chumba cha walimu.

Ripoti yangu kwa kamati ilisema akaunti yake ilikuwa wazi kwa kila aliyelijua neno la siri la Wi-Fi, na kwamba hakuna kumbukumbu inayoweza kumuunganisha yeye, wala mwanafunzi yeyote, na tukio. Nilitaja wanafunzi kwa makusudi, kwa sababu baadhi ya wajumbe walishaanza kutaka walionufaika na alama wasimamishwe masomo. Kupandishiwa alama si ushahidi wa kuzipandisha. Aliyetaka kujificha angeweza kuwapandishia na wenzake. Alama zilirudishwa kutoka kwenye daftari la karatasi.

Kulikuwa na mvutano mmoja zaidi. Mkuu wa chuo alitaka jambo liishie ndani. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 haimpi nafasi hiyo: taarifa binafsi zikifikiwa na asiyeruhusiwa, mwenye kuzitunza anatakiwa kuiarifu mamlaka mara moja, na Uganda ina Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi chini ya NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari, kwa kazi hiyo. Alama za mwanafunzi ni taarifa zake binafsi. Mkuu alihofia jina la chuo. Nilimwambia kwamba jina la chuo lilikuwa limeshafika barabarani pamoja na neno la siri. Taarifa ilipelekwa.

Seva kabla ya Wi-Fi

Kishawishi cha kuanza na vifaa vipya kilikuwa kikubwa. Muuzaji mmoja alikuwa amekwisha leta makadirio. Tulianza na kisichogharimu. Seva ya alama ilipewa https kwa cheti cha Let's Encrypt, hati ya kidijitali inayothibitisha kwamba seva ni ya kweli, ambacho ni bure. Kwa kuwa seva haionekani kutoka nje, uthibitisho wa umiliki ulifanyika kupitia rekodi za DNS za chuo, yaani orodha ya majina yake ya mtandaoni, njia ambayo wengi hawaijui na kwa hiyo huishia kutumia vyeti vya kujitengenezea vinavyomfundisha mkufunzi kubonyeza "endelea" kila onyo linapotokea. Wakufunzi wakaongezewa namba ya uthibitisho inayobadilika kila sekunde 30 kwenye programu ya simu. Programu hiyo haihitaji data wala SMS, jambo lililowaridhisha haraka kuliko hoja zangu za usalama.

Kisha mtandao ukagawanywa kwa VLAN, yaani mitandao iliyotengwa ndani ya waya uleule: ofisi, wakufunzi, wanafunzi, wageni, na vifaa kama printa na kamera. Kutoka upande wa wanafunzi huwezi kuifikia printa ya mhasibu wala ukurasa wa usimamizi wa kituo cha Wi-Fi, ambao hadi wakati huo ulikuwa na neno la siri la kiwandani. Simu ya mwanafunzi mmoja haiwezi kuzungumza moja kwa moja na ya mwenzake. Swichi mbili zilibidi kununuliwa, na zikawekewa ulinzi wa kukataa anwani za IP zinazogawiwa na kifaa kisichoruhusiwa, kwa hiyo ruta nyingine ikichomekwa kinyume haitaleta vurugu tena. Vituo vya Wi-Fi havikubadilishwa. Vilikuwa na uwezo wote uliohitajika, hakuna aliyeuwasha.

Kila mtu kwa jina lake

Kuhamia WPA3 peke yake kulipendekezwa. WPA3 ilitangazwa mwaka 2018 na inaziba lile tundu la kusikiliza: kulijua neno la siri hakukupi ufunguo wa jirani. Lakini Android iliianza kwenye toleo la 10, na simu nyingi za wanafunzi wetu ni za zamani kuliko hapo. Na hata WPA3 ya neno moja haiwezi kukwambia ni nani aliyeingia. Tulihitaji 802.1X, ambapo kila mtu ana jina na neno lake, kituo kinauliza seva ya RADIUS, ile inayokagua majina na maneno ya siri, na kila kikao kinapata ufunguo wake mwenyewe usiotokana na siri ya pamoja.

Seva ilikuwa FreeRADIUS, programu huria, juu ya kompyuta ya ofisi iliyostaafishwa, ikiwa na betri ya kuibeba umeme unapokatika. Na kwa kuwa chuo kilikuwa kinajiandaa kununua intaneti kupitia RENU, mtandao wa utafiti na elimu wa Uganda ulioanzishwa mwaka 2006, tuliona heri tujenge moja kwa moja kwa eduroam, mfumo wa pamoja wa Wi-Fi ya vyuo. Wazo la eduroam lilizaliwa Uholanzi mwaka 2002, na leo linafanya kazi katika nchi zaidi ya 100. Mwanafunzi wetu akienda Makerere, simu yake inajiunga yenyewe. Ombi lake linapitia seva ya RENU na kurudi chuoni kwake kuthibitishwa, na neno lake la siri halisomwi na mtu yeyote njiani. Mgeni kutoka chuo kingine akija kwetu, hatuna haja ya kumpa neno lolote.

Sasa nifike mahali ambapo taasisi nyingi hukosea baada ya kufanya haya yote vizuri. Neno la siri la mtumiaji hupita ndani ya njia iliyosimbwa kati ya simu na seva ya RADIUS, na simu hujua kwamba inazungumza na seva ya kweli kwa kukagua cheti chake. Isipokagua, mtu yeyote anaweza kuketi nje ya maktaba na kituo chake chenye jina lilelile, na simu itampelekea siri bila kuuliza. Kati ya njia za kulipeleka neno hilo tulichagua EAP-TTLS yenye PAP ndani yake, kwa sababu inaturuhusu kuhifadhi maneno ya siri kwenye seva yakiwa yamechakatwa yasiweze kusomeka. Lakini kwa njia hiyo seva ya uongo inalipata neno la siri lilivyo. Anayedhani PEAP yenye MSCHAPv2, njia nyingine inayotumika sana, ingemwokoa akumbuke kwamba mwaka 2012 Moxie Marlinspike na David Hulton walionyesha kuwa kuivunja ni sawa na kuvunja ufunguo mmoja wa biti 56 wa DES, usimbaji wa zamani. Ukaguzi wa cheti ndio unaobeba mzigo wote.

Kwa miaka mingi Android ilimpa mtumiaji chaguo la kutokagua cheti, na karatasi za maelekezo za vyuo vingi zilimwambia alichague. Desemba 2020, sasisho la Android 11 lilianza kuliondoa chaguo hilo, na malalamiko yakazuka kana kwamba Wi-Fi imeharibika. Sisi tulikataa maelekezo ya kujaza kwa mkono kabisa. Mwanafunzi hupakua wasifu wa chuo kwa programu ya geteduroam, na wasifu huo unaweka cheti, jina la seva na njia ya kuingia bila yeye kuchagua chochote. Ili aupate bila kununua data, tuliweka mtandao wa wazi wa usajili unaofungua programu na ukurasa huo tu. Kazi hii ilifanyika siku za usajili, kwenye meza iliyofuata meza ya mhasibu, na wanafunzi wa kozi ya kompyuta ndio waliosaidia wenzao. Maelekezo yalibandikwa kwa Kiingereza na Kiswahili, na nililiona foleni ikienda kasi zaidi pale palipokuwa na binti aliyeeleza kwa Kiswahili.

Kuna waliotaka neno la siri la Wi-Fi liwe lilelile la mfumo wa alama, kwa urahisi. Nilipinga. Neno la Wi-Fi hukaa ndani ya simu, na simu ya mkufunzi hushikwa na watoto, huazimwa, hupelekwa kwa fundi. Kwenye chuo chenye mfumo imara wa kuingia mara moja kwa huduma zote ningekubali, hapa haukuwapo.

Kumbukumbu sasa hutumwa kwenye seva yenye saa sahihi: jina, kifaa, anwani ya IP, muda wa kuingia na kutoka. Tovuti anazofungua mtu haziandikwi. Hilo lilijadiliwa sana, na wapo waliotaka kuona kila kitu. Kwanza ni kinyume cha sheria ya data kukusanya kisichohitajika. Pili, tangu Facebook ifungwe nchini Januari 2021 watu wengi wana VPN, programu inayoficha tovuti wanazofungua, kwenye simu zao, na orodha ya tovuti ingekuwa ya kujidanganya. Kumbukumbu zinafutwa baada ya muhula mmoja kupita, na hufunguliwa kwa barua yenye sahihi ya watu wawili.

Jambo moja nililoshindwa ni la langoni. Nilipendekeza kituo kidogo cha wazi pale, cha kasi ndogo, kilichotengwa na chuo kabisa, kwa ajili ya madereva na waendesha boda, kwa imani kwamba mtu mwenye njia halali haibi. Bodi ilikataa kwa hofu ya gharama na ya kuwajibishwa. Nafikiri ilikosea, na nimeliandika pendekezo upya nikiambatanisha hesabu ya kasi inayobaki bila kutumika usiku.

Hosteli ya wavulana bado haijaunganishwa, kwa sababu waya wake unahitaji kuchimbiwa upya na bajeti ni ya mwaka ujao. Kwa sasa ruta imeondolewa na wanatumia maktaba hadi saa nne usiku. Mkufunzi alipewa barua ya pili, inayofuta ile ya kwanza, na nakala yake iko kwenye faili lake la utumishi. Aliiomba kwa maandishi, nami nilimsaidia kuiandika barua ya kuiomba.